Damu ya Siku Kumi na Mbili

Wenzake walimwita Daftari, maana muuguzi huyu hakuamini kitu ambacho hakijaandikwa. Walimtania kwamba hata umri wake lazima auhakikishe kwenye faili. Jumatano hiyo asubuhi Daftari alikaa na faili mbili mapajani kwenye mkutano wa kamati ya kupandikiza ini.

Ini lilikuwa moja. Lilikuwa njiani, ndani ya barafu, na wagonjwa wa kundi lake la damu walikuwa wawili: mwalimu wa kike mwenye watoto wadogo, na fundi cherehani aliyefiwa na mke, akiuguzwa na binti yake. Kanuni ya kamati haikujua undugu wala machozi. Anapewa mwenye alama za juu, na alama hutoka kwenye vipimo vya damu: ugonjwa ukizidi, alama hupanda. Damu iliyopita siku saba haihesabiwi.

"Mwalimu thelathini," daktari mwenyekiti alisoma. "Fundi thelathini na tatu. Basi ni fundi. Damu yake ya lini?"

Daftari aliinamia faili ya fundi. Ijumaa iliyopita alikwenda na sindano kama kila Ijumaa, fundi akamwonyesha mikono iliyovilia damu. "Sista, mimi nimezoea kuchoma nguo, si kuchomwa mwenyewe. Nipumzishe leo tu." Akamhurumia. Akajiambia atarudi kesho. Kesho ikaja na dharura zake, kesho kutwa akawa mapumzikoni, na yeye, mwandika yote, hilo hakuliandika popote. Aliona haya kuandika kwamba ameshindwa na huruma.

Angeweza kusema ni ya Ijumaa. Nani angejua? Aliogopa kusema, akaogopa zaidi kudanganya. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ingeishia kwenye tumbo la mtu.

"Ya siku kumi na mbili," alisema. "Kosa ni langu."

"Wewe, Daftari?" daktari mpasuaji alishangaa.

Mwenyekiti alitazama saa. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kachukue sasa hivi, na mpasuaji akamwone. Tunaweza kusubiri saa moja, zaidi ya hapo hapana."

Alikimbia hadi wodini. Fundi alikuwa wa moto, macho ya manjano, akamwita kwa jina la marehemu mkewe.

"Ameanza kuweweseka alfajiri hii," binti alisema kwa hofu. "Ni kawaida, sista?"

Daftari alitafuta mshipa. Alichoma mara tatu ndipo damu ikatoka, na kila mara alimwomba Mungu iwe ni yeye aliyekosea kuhusu hatari aliyokwisha kuiona machoni pa fundi.

Majibu yalifika mkutanoni ndani ya ile saa moja: alama thelathini na tisa. Moyo wa Daftari uliruka kwa furaha. Fundi alikuwa wa kwanza, tena kwa mbali! Ndipo mpasuaji akaingia, akaketi bila kumtazama mtu.

"Figo zimegoma. Maambukizi yameingia kwenye damu. Nikimfungua leo atabaki mezani, na ini litapotea pamoja naye."

"Na kama tungepima Ijumaa?" Daftari aliuliza.

Mwenyekiti akasema taratibu, "Pengine tungeona dalili, tungeanza dawa. Pengine leo angekuwa anaingia chumba cha upasuaji."

Wakapiga kura kwa ajili ya mwalimu. Mikono yote ikainuka, na wa Daftari pia, kwa sababu ilikuwa haki.

Binti wa fundi alikuwa amesimama koridoni na begi la baba yake, taulo na ndala juu. "Sista, ni baba? Niambie ni baba."

"Si baba, mwanangu. Hataiweza operesheni." Sauti ilimkatika, akaendelea. "Na ni kwa sababu yangu. Ijumaa sikuchukua damu. Ningechukua, tungejua mapema."

Binti aliangusha begi, akamkumbatia muuguzi, akalilia begani pake. "Usijilaumu, sista. Humu ndani ni wewe peke yako uliyemhurumia. Kila siku anakuombea."

Daftari alisimama mikono ikining'inia. Alitamani yule binti ampige.