Kwao Fintan Hakukaliki

Kwa miaka mingi Marcella alijua kwamba mume wake hana haja na kwao. Fintan alikuja Kiirua akiwa kijana, fundi wa mabomba aliyeletwa na wamisheni kuteremsha maji kutoka msituni hadi vijijini. Mradi ulipokwisha wenzake walifunga mizigo wakarudi Ireland. Yeye akabaki, kwa ajili ya Marcella, binti wa mwenye duka, aliyekuwa akimuuzia sigara. Walifunga ndoa kanisani, wakanunua ekari mbili kwa jina la Marcella, wakajenga nyumba ya mawe, wakamzaa Karimi. Watu wakamwita Baba Karimi, na walevi wa sokoni wakamwita Mzungu wa Mabomba, naye akaitika majina yote mawili.

Alipozeeka alianza kupata pensheni kutoka kwao. Ilikuwa ndogo, maana aliondoka huko kabla hajafanya kazi ya kutosha. Lakini huko Kiirua pensheni hiyo ndogo ilitosha na kubaki. Viazi, karoti na maziwa vilitoka shambani. Walikuwa na mtu wa kukamua ng'ombe na mwingine wa kupasua kuni. Marcella akienda sokoni hakuuliza bei mara mbili.

Kisha dada yake Fintan akafa huko Ireland. Nauli ya kwenda matangani haikupatikana kwa haraka, kwa hiyo mazishi yalifanyika bila yeye. Tangu siku ile Fintan alibadilika. Alikaa barazani akiutazama mlima, na ukimsemesha unaona anarudi kutoka mbali.

"Marcella," alimwambia jioni moja, "nataka kwenda kuzeekea nyumbani."

"Hapa ni wapi, Baba Karimi?"

"Hapa ni kwako. Umenipa, nami nashukuru. Lakini nataka kukaa mahali ambapo simwelezi mtu jina langu linavyotamkwa."

"Na mimi je? Huko nitaeleza la kwangu kwa nani?"

Alimshika mkono.

Dada yake Fintan alikuwa ameacha binti aitwaye Noreen, mwenye nyumba katika mji mdogo huko. Alipopigiwa simu Noreen alisema, "Njoo tu, mjomba. Hatukosi pa kulala." Maneno ya heshima, ambayo mtu humwambia jamaa aliye mbali akijua hatakuja. Fintan aliyapokea kama ahadi.

Kitu pekee walichokuwa nacho cha kuuza ni shamba. Mnunuzi alitoka mji wa Maua, jina lake Thuranira, mfanyabiashara wa miraa aliyekuwa akitafuta mahali pa kujenga kando ya barabara ya Nanyuki. Karimi alipopata habari alipanda kutoka Kiritiri, nyanda za chini zenye joto, alikoolewa na alikokuwa akifundisha shule ya msingi. Alimkuta mama yake jikoni akiponda mukimo wa viazi na mahindi.

"Mama, shamba liko kwa jina lako. Usipotia sahihi, hakuna mtu wa kuliuza."

"Najua."

"Basi usitie."

"Baba yako halali, Karimi. Anaamka anakaa kitandani kama mtu anayengoja kuitwa. Nikikataa, nitakuwa askari na yeye mfungwa. Utazeeka vipi na mtu wa namna hiyo?"

"Na mkienda mkashindwa, mtarudi wapi?"

Marcella aliendelea kuponda. Wiki iliyofuata alisimama mbele ya bodi ya ardhi. Walipomuuliza kama anauza kwa hiari yake alisema ndiyo, na sauti yake ilikuwa kavu hata mwenyekiti akamuuliza tena.

Walifika Ireland mvua ikinyesha, mvua nyembamba isiyo na radi, isiyojua kuacha. Noreen aliwakumbatia mlangoni, na Marcella akaona machoni mwake kwamba kuna jambo. Chumba cha nyuma, ambacho Fintan alikuwa amekitaja njia nzima, kilikuwa na watu. Binti wa Noreen na mumewe walikuwa wamerudi na mtoto mchanga. Wote wawili walikuwa na kazi, lakini kodi ya nyumba mjini ilikuwa ikimeza mshahara mmoja mzima na kuuma wa pili.

"Ni kwa muda tu," Noreen alisema, uso umemwiva. "Sikujua nitawaambiaje na tiketi mmekwisha kukata."

Wakalala sebuleni, kwenye kochi linalofunuliwa likawa kitanda. Usiku iliwabidi wangoje hadi kila mtu atosheke na televisheni ndipo walale, na asubuhi iliwabidi waamke kabla mtoto hajaanza kulia. Noreen hakuwahi kuwasema. Ila kila apitapo ukutani alizima kifaa cha joto, na Marcella akajifunza kukaa ndani amevaa koti.

Dukani alishika kabichi moja akasimama nayo. Alipiga hesabu kwa shilingi, akairudisha. Akaenda kwenye viazi, vimeoshwa na kutiwa kwenye mfuko kama peremende, akapiga hesabu tena.

"Acha kuhesabu kwa shilingi," Fintan alimnong'oneza. "Nakuomba."

"Nihesabu kwa nini basi? Ndizo ninazozijua."

Walienda ofisini kuulizia pensheni ya nyongeza, kwani walisikia wazee wasiojiweza hupewa. Mama mmoja mwenye miwani aliwahudumia kwa upole kabisa. Alisema lazima Fintan kwanza athibitishe kuwa amerudi kuishi moja kwa moja. Kuthibitisha kunahitaji anwani yake mwenyewe, na sebule ya mpwa haihesabiki. Wakaenda kutafuta chumba. Kila mwenye nyumba aliuliza kipato. Kipato kilikuwa ile pensheni ndogo, na ndiyo iliyowapeleka ofisini.

"Nimezaliwa maili sita kutoka hapa," Fintan alimwambia kijana mmoja aliyekuwa akipangisha.

"Naam, bwana," kijana alijibu kwa adabu, akiwa anatazama saa.

Hatimaye walipata chumba kimoja juu ya kinyozi, kwa kulipa mbele kutoka kwenye pesa za shamba. Pesa hizo, ambazo Kiirua zilikuwa zimefanya watu wanong'one, huko hazikutosha kununua hata banda la gari. Walikaa hapo kipindi chote cha baridi. Kila mwisho wa mwezi Marcella aliona kipande cha shamba kikienda. Mwezi mmoja ilikuwa ile kona ya karoti. Mwezi uliofuata ni malisho. Mwezi wa umeme mwingi ilikwenda nyumba yenyewe, na sebule yake, na baraza. Barua ya ofisi ilipokuja ilisema maombi bado yanaangaliwa.

Jumamosi moja Fintan alikwenda baa, akakutana na mzee waliyesoma naye. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi London maisha yake yote, naye alirudi akakuta hapapangiki, sasa analala kwenye trela nyuma ya shamba la mtu. Alimnunulia Fintan bia. Zamu ya Fintan ilipofika alijipapasa mfukoni, akaaga akisema mkewe ni mgonjwa. Marcella alimwona akipanda ngazi mapema, kofia mkononi, amelowa.

"Nimekufanya mgonjwa," alisema, akakaa kitandani. Kisha akasema, "Kiirua nilikuwa nawanunulia watu wote wa meza."

"Ulikuwa ukiwanunulia."

"Turudi, Marcella, kabla hatujala na nauli."

Marcella alitaka kumuuliza, turudi wapi? Alikuwa amelibeba swali hilo tangu siku Karimi alipolisema. Lakini alimwona alivyojikunja, mabega yake makubwa ya kubeba mabomba yamekuwa kama ya mtu mwingine, akaenda kumvua viatu.

Waliporudi hawakushuka Kiirua. Gari lilipita pale kwao. Thuranira alikuwa amezungushia mabati marefu, na juu ya mabati ilionekana ghorofa ya kwanza ikiinuka mahali palipokuwa na nyumba. Fintan alitazama upande wa pili wa barabara mpaka walipopita. Marcella alisema wangeweza kupanga vyumba sokoni, pensheni ingetosha. Fintan alikataa. Hawezi kupanga, alisema, mahali alipokuwa na kwake.

Basi wakaenda Kiritiri. Njiru, mume wa Karimi, mfugaji wa mbuzi na mtu wa maneno machache, aliwapokea vizuri kupita kiasi. Aliwapa chumba chake cha kulala, yeye na Karimi wakahamia stoo, kati ya magunia ya mtama na makaa. Hakuna aibu iliyomzidi Marcella kama hiyo, mama mkwe kulala kitandani pa mkwewe. Alikuwa akila haraka na kutoka nje ili asimkute mezani. Njiru naye alikohoa kutoka mbali kabla hajaingia nyumbani kwake mwenyewe.

Jua la huko lilimchoma Fintan hadi ngozi ikatoka malengelenge. Maji yalinunuliwa kwa mtungi, yakiletwa na punda kutoka mtoni, na Fintan alipoyaona mara ya kwanza, mekundu kama chai, alisema watu hawa wanahitaji bomba, akaanza kueleza lingepita wapi, akachoka katikati ya maneno. Moyo wake ulianza kumsumbua. Dawa zikaimeza pensheni, mwezi baada ya mwezi, na pesa ya kupanga popote haikubaki.

Ilikuwa msimu wa kuvuna pojo Noreen alipopiga simu. Marcella alikuwa uani akipepeta. Noreen alizungumza haraka, mara analia, mara anacheka. Binti yake na mumewe walikuwa wamekata tamaa. Walikuwa wamehamia Australia na mtoto, kwani huko angalau mshahara unaonekana.

"Chumba cha nyuma kiko wazi, Marcella. Nimekipaka rangi. Mwambie mjomba. Angekuwa na anwani, wangempa ile pensheni. Mwambie aje tu."

Marcella alisema asante. Alisema mara tatu, na simu ikakatika.

Angeweza kunyamaza. Alikaa na ungo mapajani akilifikiria hilo. Lakini hawakuwa watu wa kufichana, na alihisi kwamba akimficha hili atakuwa amemchukulia kitu cha mwisho. Akaingia ndani. Fintan alikuwa amelala chali, dirisha limezibwa kwa kanga ili kupunguza mwanga. Akamweleza yote, hata habari ya rangi.

Alisikiliza bila kufumbua macho.

"Rangi gani?" aliuliza.

"Hakusema."

"Na nauli sasa ni kiasi gani?"

Marcella alimtajia kwa kukisia. Nje Njiru alikohoa, akangoja, akakohoa tena. Alikuwa anataka kuingia achukue shoka lake chini ya kitanda. Marcella aliinama akalitoa, akampelekea mlangoni bila kumtazama usoni. Aliporudi Fintan alikuwa amegeukia ukutani.