Kasha la Bunduki ya Bwana Thuwein

Bwana Thuwein alipotokea mlangoni na bunduki yake mkononi, randa ilimponyoka Duni ikamwangukia kidole cha mguu, wala hakusikia maumivu mpaka baadaye. Kwa miaka miwili na miezi minne alikuwa hajaiona bunduki ile. Alikuwa ameshajidanganya kwamba hataiona tena maishani.

"Assalaam alaykum, fundi."

"Wa alaykum salaam, Bwana. Karibu."

Karibu ile ilitoka kwa shida. Bwana Thuwein aliingia akailaza bunduki juu ya meza ya kazi, katikati ya maranda. Alikuwa ni mtu mnene zamani, mwenye mikarafuu yake huko Kengeja na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Sasa kanzu ilimning'inia kama iliyotundikwa msumarini. Aliikunjua bunduki, akachungulia ndani ya mitutu yote miwili akiielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaifunga. Akaikunjua tena, akachungulia tena. Mara ya tatu Duni aligeuza uso.

"Nataka unifanyie kasha," Bwana Thuwein alisema. "Bunduki hino naitoa nyumbani. Shemeji yangu yuko Tanga, nguruwe wanamla muhogo, kaniomba nimpe. Nakwenda nayo mwenyewe kwa ndege, Alkhamisi ya wiki ijayo."

"Si meli, Bwana?"

"Meli siitaki. Usiku mzima watu wamelala juu ya mizigo, watoto wamelala. Hapana. Ndege ni nusu saa." Alitoa karatasi mfukoni. "Wenyewe wamesema iwe ndani ya kasha gumu, lifungwe kwa kufuli, bunduki iwe tupu, na mwenye mali atie saini kuwa ni tupu."

"Basi mbao za nusu inchi zatosha."

"Hazitoshi. Nifanyie za inchi nzima. Nataka kasha ambalo hata bunduki ikilia mumo humo, isitoke nje hata chembe moja ya marisau."

"Italiaje, Bwana, na iko tupu?"

Bwana Thuwein alimtazama. "Ndivyo nilivyokuwa nikisema mie," alijibu. "Niliapa kwa askari, niliapa mbele ya Mudiri, niliapa msikitini. Mwaka wa kwanza nilikuwa na yakini. Wa pili nikaanza kujiuliza. Sasa najua, Duni. Niliiacha na kitu nikasahau. Mie ndiye niliyemuua nduguyo. Ndo maana nataka kasha hili ulifanye weye kwa mkono wako, nijue kwamba huna kinyongo na mie."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Duni alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Mdomo aliufungua, na kilichotoka ni kuuliza kama kufuli anayo au anunue.

Sasa nikwambieni ilivyokuwa, maana Duni hatasema mwenyewe mpaka abanwe.

Mwaka ule kitako cha bunduki kilipasuka, Bwana Thuwein akakileta kwa Duni. Bunduki aliileta tupu kabisa, pamoja na mfuko wa turubai wenye risasi mbili ambazo mwenyewe hakuzihesabu. Duni alikiunga kitako kwa gundi na skrubu, kikawa kizuri kuliko kilivyozaliwa. Na Duni alikuwa na tabia yake: hajapata kumpa mtu kiti ambacho hakukikalia mwenyewe kwanza, wala kitanda asichokilalia. Basi alizitia risasi zote mbili, akatoka nyuma ya karakana, akalenga kisiki cha mnazi akafyatua moja, akaikunjua akalitupa ganda chini, akaifunga tena. Kitako kilishika. Mlio haukumshtua mtu, kwani kima walikuwa wakifukuzwa migombani kila siku. Alipotaka kufyatua ya pili, muadhini akaadhini adhuhuri. Duni akaiegemeza bunduki ukutani akaenda kuswali. Aliporudi alikuta mteja anamngojea, maneno yakawa mengi, akasahau.

Asubuhi yake alikuja mdogo wake, Silima, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akifanya kazi kwa Bwana Thuwein. Bwana mwenyewe alikuwa Chake Chake kushughulikia leseni, na bunduki ilitakiwa bomani. Duni aliiviringisha kwenye mkeka akaifunga kwa kamba ya usumba. Silima aliipokea, akauliza kabla hajapanda lori la abiria:

"Kaka, haina kitu?"

"Haina kitu," Duni alisema. Alisema huku anatafuta penseli yake.

Silima aliipakata njia nzima. Karibu na Mtambile lori liliingia shimoni, mkeka ukalia.

Jioni ile Duni alilikuta ganda moja la risasi nyuma ya karakana, la karatasi nyekundu na kitako cha shaba. Moja tu. Akaelewa. Askari walipomuuliza kama bunduki ilikuwa na kitu alipoipokea, alisema: "Mie seremala. Sikuifungua. Nilishika mti tu." Mudiri aliandika kwamba ni ajali, kesi ikafa. Lakini kijiji kina mahakama yake. Mama yao, Bi Mwanamize, hakumwitikia tena salamu Bwana Thuwein, wala mkewe Bi Zuweina, waliyekuwa wakisuka naye ukili baraza moja. Na kwa kuwa zilikuwa zama zile za siasa, watu wanasusiana maduka na hata maziko, wageni walidhani ni mambo ya vyama. Duni aliwaacha wadhani.

Kazi aliianza siku ya pili. Alichagua mfenesi mkavu, akaupasua, akaupiga randa mpaka ukang'aa manjano. Ndani aligawa sehemu mbili, moja ya mitutu na moja ya kitako, kwani bunduki ile ilitoka vipande viwili. Wakati wa mchana palikuwa na watu na kelele, akafanya kazi vizuri tu. Ilipofika alasiri, wote wamekwenda msikitini naye amebaki kumalizia kona, aliisikia mara ya kwanza.

"Kaka, haina kitu?"

Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa sauti ya kijana mwenye haraka ya lori, iliyotoka ndani ya kasha tupu. Duni alitupa patasi akaenda msikitini mbio, akawahi rakaa ya mwisho. Kesho yake ikaja wakati uleule. Keshokutwa pia. Alijaribu kuimba. Alijaribu kugongagonga msumari usiohitajika. Swali lilingoja amalize, kisha likaja, kwa adabu ileile ya mdogo kwa mkubwa wake. Hakulijibu hata mara moja.

Bunduki ilihitaji kulazwa mahali laini isigongane na mbao. Duni alinunua kitambaa cha marekani na sufi ya kujazia, akampelekea mama yake amshonee mito miwili myembamba, mirefu. Bi Mwanamize aliipima kwa shubiri akacheka, na kucheka kwake siku hizo kulikuwa adimu.

"Ntoto gani huyu wa kulazwa kwenye mito ya namna hino?"

"Ni kazi ya mteja, mama."

Akaishona kwa sindano ndogo, mishono ya karibukaribu, kama aliyowashonea wanawe wote. Duni alikaa karibu yake akitazama uzi unavyoingia na kutoka, na roho ilimuuma mpaka akaona afadhali angepigwa.

Ndipo alipopata hila yake, na hila ya mwoga ni mwoga mwenziwe. Lile ganda alikuwa amelificha chini ya kisanduku cha misumari muda wote. Alilitia kwenye kona ya kasha, chini ya mto wa kitako. Alipanga kwamba Bwana Thuwein atafika Tanga, ataunyanyua mto, ataliona, na akili yake itamwambia yaliyobaki. Naye Duni atakuwa Pemba, ng'ambo ya maji, bila kumtazama mtu usoni.

Alkhamisi walikwenda pamoja uwanja wa ndege kwa lori la abiria, kasha katikati ya miguu yao. Duni alishika mpini wa kasha kila shimo lilipokuja. Walipofika Mtambile Bwana Thuwein alifumba macho akasoma Fatiha, Duni akatazama sakafu ya lori.

Karani wa ndege, Othman, alikuwa amevaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, na soksi za kufika magotini. Siku zile karani wa ndege alijiona mkubwa kuliko rubani. Alilifungua kasha, akachungulia mitutu, akapapasa mito, akasifu kazi, akalifunga. Kisha akaweka fomu mbele ya Bwana Thuwein.

"Haina kitu, Bwana?"

Bwana Thuwein alishika kalamu. Aliishika bila kuandika hadi wino ukadondoka kwenye kanzu. "Umeangalia vizuri?" alimuuliza karani.

"Nimeangalia. Tia saini, rubani hangoji mtu."

"Angalia tena, tafadhali."

"Bwana, mie n'na mizigo ya watu wanane hapa," Othman alisema, akalinyanyua kasha kwa upande mmoja ili alitie kwenye mizani.

Ndani kitu kikabingirika. Tik, tik, tik, kikagonga ubao.

Othman aliganda. "Mna kitu humu."

Bwana Thuwein hakupiga kelele. Aliketi chini, palepale kwenye mchanga, mtu mzima na kanzu yake na kilemba chake, mikono juu ya magoti. "Niliwaambia," alisema polepole. "Inacho. Kila nikiitazama haina, kumbe inacho. Ntu asiisogelee. Duni, ondoka hapo baba, itakuua na weye."

Abiria walirudi nyuma. Duni peke yake alibaki kando ya kasha. Alimwona mzee wa watu amekaa mchangani akimhofia yeye, yeye Duni, asife. Hilo ndilo lililomvunja. Alilifungua kasha, akanyanyua mto ulioshonwa na mama yake, akalitoa ganda jekundu.

"Hili si lako, Bwana," alisema. "Hili langu."

Akasema yote, mbele ya watu wanane na karani. Alisema kisiki, adhuhuri, mkeka, penseli. Alisema, "Sikushika mti tu. Niliifungua, nikaitia risasi mbili, nikafyatua moja."

Bwana Thuwein aliinua uso.

"Mie niliileta tupu?"

"Tupu, Bwana. Risasi zote mbili zilikuwa mfukoni."

"Sema tena."

"Uliileta tupu."

"Tena."

"Tupu, Bwana Thuwein. Wallahi ilikuwa tupu."

Mzee aliinuka mwenyewe, akakung'uta mchanga. Machozi yalikuwa yakimtiririka na wala hakuyafuta. Alikwenda kwenye meza akatia saini, jina lake na la babake, mkono umetulia. Kisha akarudi kwa Duni, karibu sana, Duni akafumba macho akingojea kofi.

"Miaka miwili na miezi minne," Bwana Thuwein alisema. "Kila swala nimekuwa nikiiombea maghfira dhambi yako." Alilitazama lile ganda. "Sikusamehe leo, sina nguvu hizo. Labda nikifika Tanga. Lakini mamako umwambie weye, na umwambie leo."

Duni alitaka kulirudisha ganda ndani ya kasha, kwa kutojua alifanyeje. Othman alimzuia kwa kiganja.

"Hilo haliruhusiwi kwenye ndege," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, kaptura na soksi zimemwishia ukubwa wote, "Rudi nalo nyumbani, kaka."

Kasha lilipakiwa, mzee akapanda, ndege ikaondoka. Duni alirudi kwa lori, mikono mitupu juu ya mapaja, ganda limo mfukoni.

Bi Mwanamize alikuwa kibarazani akichagua mchele kwenye uteo. Duni alikaa chini yake, kwenye ngazi, akaliweka ganda juu ya mchele akamwambia. Mama hakumkatiza. Vidole vyake viliendelea kuchagua mawe kwa muda, vikapunguza mwendo, vikasimama.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza, mama."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia haina kitu."

Bi Mwanamize alilitazama ganda. "Na ile mito?"

"Ya bunduki, mama."

Aliinua mikono yake akaitazama, upande huu na upande ule. Kisha aliweka uteo kando, akaingia ndani, akatoka amevaa buibui. Alimpita mwanawe pale ngazini bila kumgusa. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyumba ya Bi Zuweina, na Duni aliisikia sauti yake ikipiga hodi, ikatoa salamu iliyokuwa na deni la miaka miwili na miezi minne. Akasikia mlango unafunguliwa, na baadaye wanawake wawili wanalia. Mlango ukafungwa. Yeye hakuitwa.

Ilikuwa alasiri. Alikwenda karakana, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Juu ya meza maranda ya mfenesi yalikuwa bado yametapakaa, na mahali lilipokuwa kasha palikuwa peupe. Alidhani sauti imepanda ndege na kwenda zake. Alikaa juu ya gogo akangoja, na watu walipomalizika kwenda msikitini, ikaja.

"Kaka, haina kitu?"

Safari hii hakukimbia.

"Inacho, Silima," alisema. "Imo moja. Usiipakate."