Jibu Moja kwa Kila Hadithi

Bibi Generoza alikuwa akipepeta maharage uani, Jumamosi mchana, alipomwona Mwalimu Venance anaingia na daftari la mjukuu wake kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Tecla kavunja dirisha?"

"Afadhali angevunja." Mwalimu akalifungua daftari. "Nawafundisha darasa la tano kutafuta dhamira ya hadithi, yaani lile jambo mtunzi analotaka tubaki nalo. Tumesoma hadithi sita. Zote sita huyu kajibu neno moja: kifo. Hata ile ya sungura muuza maboga!"

"Sungura alikufa?"

"Wapi! Alitajirika."

"Siku yake ilikuwa haijafika," Tecla akasema kutoka mlango wa jikoni.

Mwalimu alilifunga daftari. Aliacha kitabu cha hadithi, akaomba mtoto asaidiwe, akaenda zake.

Bibi aliishia darasa la tatu, na hata leo husoma kwa kufuata mstari kwa kidole. Akamkalisha mjukuu mkekani. "Haya, soma."

Ilikuwa hadithi ya mama aliyepanda karanga, ngedere wakafukua. Akapanda tena, wakafukua tena, na wanawe wakamuuliza kwa nini.

"Dhamira?"

"Kifo."

"Nani kafa humo?"

"Bado. Lakini atakufa, na hawatasema."

Bibi akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Mimi dhamira siijui, mama. Ila mtu akinisimulia jambo, nasikiliza anachokirudia. Huyu mama anarudia nini?"

Tecla akarudi nyuma kurasa mbili. "Kupanda."

"Na wanawe wakimuuliza kwa nini anapanda, anajibu nini?"

"Ananyamaza." Akainua macho. "Kama wewe, bibi. Nikiuliza habari za mama, unanyamaza."

Ilikuwa kweli. Ugonjwa wa Esperansia, mama yake Tecla, ulipozidi, ni yeye Generoza aliyeamua mtoto apelekwe Nyantakara kwa shangazi yake, asione. Tecla aliporudi, matanga yalikuwa yameshaanuliwa na wageni wametawanyika. Akaambiwa mama amepumzika. Tangu siku ile, miezi minane sasa, jina la Esperansia halikutamkwa katika nyumba ile. Watu wazima walidhani wanamhurumia.

Bibi akausogeza ungo pembeni.

"Mama yako Esperansia alifariki siku ya Jumanne, asubuhi, kwenye kitanda changu. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimshika kichwa mimi."

Tecla hakulia. Alikifunga kitabu, kidole kikabaki ndani.

"Aliniulizia?"

"Alikuulizia mara tatu."

"Ukamwambia nini?"

Uongo ulikuwepo, mzuri, na mtoto angeupokea.

"Nilimwambia umelala. Nilimdanganya yeye, nikakudanganya na wewe. Nilikosea, mjukuu wangu."

Tecla akasogea, akaegemea bega la bibi yake, na hapo ndipo kilio kilipomtoka. Bibi hakumwambia anyamaze.