Sinia la Wake Wenza

Daktari hakuwa na simile. Batuli alimweleza magoti yanavyomwuma, na yeye, bila hata kuyagusa, akamwambia apunguze kula kwanza. Kisha akamgeukia Zuwena, mke mwenza wake aliyekuja na shida ya koo, akamsifu kwa jinsi alivyopungua.

"Mwige mwenzio, mama," akamwambia Batuli.

Amwige Zuwena! Afadhali kumeza kaa la moto. Batuli alikwishaacha sukari, akaacha chapati, akawa anafunga Jumatatu na Alhamisi, na mwili haukumwonea huruma. Zuwena hakuacha chochote, ila magauni yalimpwaya, na Mabruki, mume wao, akirudi Tabora na asali yake kutoka Kaliua, macho yalianzia kwa huyo mwembamba. Wivu ulimkosesha Batuli usingizi.

Kilichomkera zaidi ni sinia. Walikula pamoja, kila mmoja upande wake, kama desturi ya nyumba. Zuwena alimega matonge mawili matatu, kisha akausukuma wali wake kwa Batuli, na minofu juu yake. "Kula, dada." Batuli aliona haya kukataa, akala. Siku nyingi hazikupita akajiambia ananenepeshwa makusudi.

Ijumaa moja, mbele ya mawifi, akaurudisha wali wote.

"Leo kula wewe. Au umeutia kitu?"

Zuwena akala, maana kukataa mbele ya watu kungekuwa kukiri. Tonge la tatu lilimkwama, akakimbilia uani kutapika. Batuli alimfuata, akamshika mgongo. Hapo ndipo Zuwena alipomwambia kwamba tangu mfungo mosi, mwezi ule baada ya Ramadhani, chakula hakishuki, na daktari alicheka tu, akasema wangapi wanaiomba shida hiyo. Wali alimsukumia Batuli ili Mabruki asitambue, kwani aliogopa kurudishwa kwao Usinge na ugonjwa wake.

Batuli alilia kwa aibu. Asubuhi akampeleka mwenyewe kwa daktari yule yule.

"Magoti yangu yatangoja," akamwambia. "Lakini hapa hatutoki mpaka umwangalie huyu koo lake."

Daktari akawasha tochi, akachungulia, uso ukambadilika. Akaagiza Zuwena apimwe uzito, apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Muuguzi akampandisha kwenye mizani. Alikuwa amepungua tena. Batuli aliitazama namba ile, akijua sasa imetoka wapi, na bado, Mungu amsamehe, aliitamani.