Wazomeaji wa Na-gyeong

Mazoezini Na-gyeong alikuwa hakosi. Mishale yake ilibanana katikati ya shabaha kama vifaranga chini ya mama yao. Lakini akisimama mbele ya watu, mkono ulimwasi. Kwenye mashindano ya mwezi wa nne mshale wake ulipita kando ya shabaha kabisa, naye akalia njia nzima mpaka Yecheon, kwao.

Kocha Pyo hakumfokea. Jumamosi iliyofuata alikuja uwanjani na wanawake sita wa sokoni, wamebeba masufuria na miiko. Aliyetangulia ni muuza ngisi wakavu, bibi yake Na-gyeong mwenyewe.

"Kocha, hawa wamefuata nini?"

"Kukuzomea. Haya, vuta upinde."

Alipovuta tu, masufuria yakalia.

"Wee mtoto, unalenga au unaanika nguo?" bibi akapaza sauti. "Mkono unacheza kama tofu!"

Mshale ukaangukia nyasini. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Bibi! Kwani wewe uko upande gani?"

"Leo niko kazini, usinizoee!"

Kocha akamsogelea. "Usipigane na kelele, utachoka bure. Sikia miguu yako ilivyokanyaga chini, toa pumzi, ndipo uachie. Moyo ukienda mbio, shusha upinde uanze upya. Hakuna anayekufukuza."

Wiki ya kwanza alinuna. Ya pili akawa anawajibu, neno kwa neno. Ya tatu walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka, naye kila mshale anapata kumi, alama ya juu kabisa.

Ikaja fainali ya shule za mkoa. Yeye na mpinzani wake walikuwa sawa kwa alama, ukabaki mshale mmoja mmoja, na uwanja mzima ukanyamaza. Loo! Kimya hicho hakuna aliyemfundisha. Kilimkaba kuliko masufuria yote, na mkono ukaanza mambo yake.

Akashusha upinde. Watu wakaguna, muda ulikuwa unayoyoma. Akakanyaga nyasi vizuri, akatoa pumzi, akainua tena. Zikiwa zimebaki sekunde nne, akaachia.

Tisa. Mpinzani wake, Cha Ye-seul, akapiga kumi na kubeba kombe.

Kocha Pyo alimpokea akimchungulia usoni, akitafuta machozi.

"Vipi, mwanangu?"

"Nina njaa, Kocha."

Wakaenda kula tambi baridi. Na-gyeong alimaliza mabakuli mawili huku akiusimulia ule mshale wa tisa tangu mwanzo, mara tatu, na kocha hakupata hata nafasi ya kuomba haradali ya tambi zake.