Blanketi la Mama Brenda

"Shemeji, usinizungushe. Blanketi limetoka kwa nani?"

Naftali alikuwa hajakaa. Alisimama kibarazani, Biblia kwapani, viatu vya kanisani vimeshika tope mpaka kwenye kamba, na macho yake yalikuwa kwenye mabega ya Tabitha. Blanketi lilikuwa hapo hapo mabegani: la sufu, bluu iliyokolea, zito, limefumwa kwa mkono.

Tabitha hakuinua kichwa. Mapajani alikuwa na sweta la mitumba la mwanaume fulani wa Ulaya aliyekuwa na tumbo kubwa. Alishakata mishono ya mabega, sasa alikuwa akitafuta ncha ya uzi shingoni. Sweta hufumuka kuanzia pale lilipomalizwa. Ukianzia pale lilipoanzwa utahangaika mpaka jioni na uzi utakukatikia mkononi. Tangu kahawa ishuke bei na mumewe, Baba Brenda, afariki, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Wazungu walivaa, wakachoka, wakatupa. Yeye alifumua, akafua, akafuma upya, na watoto wa shule za Akheri wakaenda darasani bila kutetemeka.

"Hata Jumapili?" Naftali alisema.

"Baridi inapumzika Jumapili?"

"Nimekuuliza habari ya blanketi."

"Ameleta mgeni. Rafiki yake Brenda. Ni baridi, nikajifunika. Kosa liko wapi?"

"Kosa! Umeingia nalo kanisani, ukakaa mbele. Mama Prosper wa kwaya akakuuliza, 'Limeshafika?' Ukamjibu nini?"

"Nilisema limefika."

"Akakuuliza umelipokea?"

"Nikasema nimelipokea kwa mikono miwili." Tabitha akacheka kidogo. "Si alikuwa anatania?"

"Alikuwa hatanii! Kwaya nzima inajua Brenda ameposwa. Mimi ndiye mdogo wake marehemu, na ni mimi peke yangu nisiyejua mkwe ni nani. Na huyo mwanaume, anatumaje blanketi kwa mkono wa msichana? Hana wajomba?"

Hapo Tabitha aliacha kucheka.

Siku hizi watu wanaruka mambo mengi ya mahari, lakini kwa ukoo wao blanketi la mama halikurukwa. Upande wa muoaji unalileta na kuliweka mikononi mwa mama wa binti. Mama akijifunika nalo mbele za watu, amekubali. Asipotaka, hata kama alishajifunika, analikunja na kuliweka juu ya mzigo wa mgeni kabla mgeni hajatoka getini. Mgeni akiondoka na blanketi likabaki, maneno yamekwisha.

Tabitha aliyajua hayo yote. Ila hakuna aliyewahi kuona posa ikiletwa na msichana, kwa hiyo hakuwaza. Resiato alikuwa msichana mrefu wa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima. Alisoma uuguzi pamoja na Brenda, wakaenda pamoja kufanya kazi Uholanzi. Jioni waliyofika likizo, Resiato aliinamisha kichwa kama wanavyoamkia Waarusha, Tabitha akamwekea kiganja utosini, kisha blanketi likatoka begini.

"Mama, kabla hujajifunika," Resiato alikuwa ameanza.

"Niache nipate joto kwanza, mwanangu."

Na akajifunika.

"Kesho wanaondoka, sivyo?" Naftali alisema akishuka ngazi. "Nitakuja kunywa chai asubuhi kabla hawajatoka. Nataka jina."

*

Wasichana walirudi kutoka shambani na majani ya ng'ombe. Resiato alikuwa amebeba mzigo mkubwa kuliko wa Brenda na bado alikuwa anaongea.

"Ng'ombe wenu analetewa chakula kitandani kama mgonjwa wa wodini. Kwetu angeshakufa kwa aibu."

"Kwenu angeshakufa kwa kiu," Brenda alisema. "Nyuma ya mlima kuna nini? Vumbi."

"Nyuma ni huku kwenu. Muulize bibi yangu."

Tabitha alikuwa anazungusha uzi kwenye kiganja. Hakungoja washushe mizigo. Hakuwa mtu wa kungoja.

"Brenda, baba yako mdogo anataka jina la mwanaume."

"Mwanaume gani?"

"Wa blanketi."

Brenda akamtazama Resiato. Resiato akashusha majani taratibu, akajifuta shingo kwa kanga.

"Hakuna mwanaume, mama. Nimelileta mimi."

"Hilo nimeliona kwa macho yangu. Nauliza limetoka kwa nani."

"Limetoka kwangu."

Ng'ombe alivuta jani kutoka kwenye mzigo na kuanza kutafuna. Uzi uliokuwa ukizunguka kiganjani mwa Tabitha ulisimama.

"Mama," Brenda alisema. "Mwaka jana serikali ya kule ilibadilisha sheria. Wanawake wawili wanaweza kufunga ndoa. Sisi tumefunga. Mara ngapi nimekupigia simu nikuambie, nikaishia kukuuliza habari za migomba."

"Mmefunga nini?"

"Ndoa, mama."

"Huku watu watawafanya nini, mnajua?"

"Tunajua."

"Kanisa je? Baba yako mdogo?"

"Tunajua. Ndiyo maana tunaondoka kesho."

"Na mimi mkanivika!" Sauti ya Tabitha ilipanda, kisha akaishusha kwa sababu ya majirani. "Mmenivika, mkanipeleka kanisani kama ng'ombe wa maonyesho."

"Ulijivika mwenyewe," Brenda alisema.

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilimuudhi zaidi.

Resiato akapiga goti pale pale kwenye majani. "Kosa ni langu, mama. Brenda alitaka tukwambie kwanza, mimi ndiye nilichelewa kufungua mdomo. Kule walitupa cheti, wakatupigia makofi, wakatulisha keki. Tukarudi nyumbani, nikashindwa kulala. Nikamwambia Brenda, mama yako hajaletewa kitu. Kwetu ukimchukua mtu hivyo, umemwiba. Sikutaka kuwa nimemwiba binti ya mtu."

Tabitha alijua kwamba hapo ndipo mama hupiga yowe. Mama Prosper angepiga, majirani wangekuja. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa swali.

"Nani aliwafungisha?"

"Mama mmoja wa halmashauri ya mji. Alivaa joho jeusi."

"Mwanamke?"

"Ndiyo. Wa umri wako."

"Akawauliza nini?"

Brenda ndiye aliyejibu. "Aliuliza kama tutatimiza yote ambayo sheria imeyaweka juu ya watu waliooana."

"Yote?"

"Yote."

"Sheria ile ile ya mume na mke?"

"Ile ile, mama. Hawakutuandikia nyingine."

"Na nyinyi mkasema ndiyo. Mbele ya watu."

"Resiato alisema kwa sauti mpaka watu wakacheka."

Tabitha aliketi kwenye kigoda. Maisha yake yote serikali alikuwa ameiona kwa mgongo, akiwa kwenye foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya kitambaa katika duka la kijiji. Ilipokuja nyumbani kwa mtu, ilikuja kuchukua. Sasa alijaribu kuwaza serikali nzima, na mawaziri wake na muhuri wake, inakaa chini na kuzungumza habari za msichana huyu aliyeugua surua kwenye kitanda kile pale ndani. Inazungumza, inabishana, kisha inasema: haya, mfungulieni mlango apite.

Mgongo ulimsisimka. Haikuwa hasira. Alikumbuka utotoni, asubuhi moja baada ya masika, mawingu yalipofunguka ghafla akaona mlima aliozaliwa chini yake ni mkubwa namna ile, na ulikuwa hapo siku zote.

"Ingieni ndani, mle," alisema mwishowe. "Loshoro inapoa."

Yeye hakula.

*

Alfajiri alikaa karibu na dirisha na mkasi. Alikuwa amepata njia yake. Kulirudisha blanketi ni kumfukuza mtoto, na akimfukuza sasa hatamwona tena, alimjua Brenda. Kulibakiza ni kukubali kitu ambacho hata jina lake kwa Kimeru hakulijua. Lakini akilifumua, litabaki uzi, na uzi haujawahi kumposa mtu. Atawapa mabonge yao kwenye mfuko wa nailoni, awaambie safari njema, na Naftali atakunywa chai yake bila jina.

Akalitandaza mapajani atafute pa kuanzia.

Upande wa kwanza alioushika ulikuwa wa mwanzo, si wa mwisho. Aliutambua mara moja, na akamtambua aliyeufuma. Vitanzi vilikuwa vimekazwa kama kamba ya ngoma. Huo ulikuwa mkono wa Brenda. Tangu mtoto alikuwa anaukaba uzi, na Tabitha alikuwa anamuuliza, "Unamnyonga nani?" Baada ya mistari kadhaa mkono ulibadilika. Vitanzi vikalegea, kidole kingeweza kupita. Mtu mwingine, mtu anayejifunza, asiye na haraka. Kisha mkono wa Brenda tena. Kisha ule mwingine.

Walikuwa wanapokezana. Tabitha aliwaona kama yuko nao kwenye chumba hicho cha ugenini, mmoja anatoka zamu ya usiku, mwingine anaingia, sindano zinapita mkono kwa mkono.

Aliendelea kulivuta blanketi juu ya magoti akitafuta mwisho wake. Karibu na katikati alisimama. Mkono uliokaza ulikuwa umeanza kulegea. Mkono uliolegea ulikuwa umeanza kukaza. Bado aliweza kuwatenganisha, lakini ilibidi ainamie.

Alipofika juu hakuweza tena.

Aligeuza blanketi kwenye mwanga. Akaligeuza upande wa nyuma, ambako mfumaji hawezi kujificha. Akafumba macho akapitisha vidole, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kumdanganya. Vilimjua kila mtoto aliyewahi kuja kibarazani kujifunza kwa kushika kazi yake tu. Havikumwambia kitu. Ulikuwa mkono mmoja, na haukuwa wa Brenda wala wa yule mwingine.

Yeye na marehemu waliishi vizuri, hakuwa na la kulalamika. Lakini angeweza kuonyesha katika nyumba hii, hadi siku mumewe alipozikwa, hapa ni mkono wangu na pale ni wake.

Ncha ya uzi ilikuwa kwenye kona, imefichwa vibaya. Aliivuta. Vitanzi vichache vikafunguka kwa wepesi, kama kitu kilichokuwa kinasubiri kuulizwa. Akashika ncha ile katikati ya vidole viwili, akakaa nayo, mkasi ukiwa umelala pembeni.

"Hodi, mama."

Resiato aliingia na koti la safari mwilini. Macho yake yalikwenda kwenye mkasi, halafu kwenye uzi uliochomoza. Mlangoni nyuma yake mabegi mawili yalikuwa tayari, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Tumekuja kuaga," alisema. Brenda alikuwa ukumbini, hakuingia.

"Nani alimalizia hapa?" Tabitha aliuliza.

"Wapi, mama?"

"Hapa kwenye kona. Nani alifunga?"

Resiato aliinama, akatazama kwa muda. "Sijui. Brenda, nani alifunga mwisho?"

"Si wewe?" Brenda alijibu kutoka ukumbini, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyelia.

"Hata hamjui," Tabitha alisema. "Na mmefunga vibaya. Mngelifua mara moja lingefumuka lote. Nipe sindano kwenye kopo. Siyo hiyo. Nene."

Alivikamata vitanzi vilivyofunguka kimoja kimoja kabla havijateremka. Akapitisha uzi, akaurudisha, akauzamisha ndani ya kazi mahali ambapo hakuna atakayeupata. Kwa kuwa mkasi ulikuwa pale, aliutumia kukatia ncha.

Nje geti lilitikiswa. "Hodi wenyewe! Shemeji! Chai iko wapi?"

Resiato alikuwa bado ameinama. Sasa aliinamisha kichwa zaidi, kama siku ile ya kwanza, akangoja. Shingo yake ilionekana nyembamba nje ya kola ya koti.

Tabitha aliangalia utosi ule. Alimfikiria Mama Prosper, na kiti chake cha mbele kanisani, na kwaya. Kisha akaweka kiganja chake juu ya nywele, akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya salamu.

"Shemeji! Umelala?"

"Nakuja!"

Alisimama, akakung'uta nyuzi kwenye sketi, akatoka. Kulikuwa na umande na migomba ilikuwa inadondosha maji. Nyuma ya nyumba mawingu yalikuwa yameondoka yote, na mlima ulisimama wazi mpaka kileleni, mweusi, na theluji kidogo ya usiku huo kwenye ukingo wake. Naftali alikuwa ameishika nguzo ya geti, kofia mkononi, ameinua uso anautazama. Kisha akamwona shemeji yake anakuja kwenye njia, amejifunika blanketi la bluu, pindo lake linaburuta kwenye nyasi mbichi.

"Haya," alisema Naftali polepole. "Jina."

Tabitha alifika getini akaweka mkono kwenye komeo. Lilikuwa baridi. Akalivuta, akamfungulia.