Binti wa Gedvydas Asiyepinda Mgongo

Asubuhi hiyo Mingaile, mke wa Mtawala Gedvydas, alikuwa akimpimia bintiye gauni la harusi kando ya jiko, akakuta kitani kimepungua vidole vinne. Jana kilitosha.

"Baba yako kaongea tena na wale wa Mazovia?" aliuliza, sindano mdomoni.

"Jana, walipokuwa wakinywa," alijibu Rimante kutoka juu.

Mingaile akaunga kipande kingine. Kila Rimante alipoahidiwa kwa mtu bila kuulizwa, alirefuka. Ahadi kwa mchumba wa Smolensk ilimfikisha kwenye boriti. Ahadi ile ilivunjika, lakini urefu haukurudi. Hii ya Mazovia, nchi jirani, ilikuwa imemtoa nje ya paa, na mafundi wakaondoa nyasi ili aketi wima. Alikula mkate wake akitazama ng'ambo ya mto Neris.

"Bibie, huko juu kuna baridi?" watunza farasi walimtania.

"Kidogo. Narbutas, mkeo anatoka kwa jirani na kikapu cha mayai. Nyumbani mna kuku, sivyo?"

Wenzake Narbutas walicheka hadi jioni.

Gedvydas alimpenda binti huyu kuliko ngome yake. Wageni walipofika aliwapeleka uani kwanza, kabla hawajavua makoti. "Mtazameni," alisema. "Hiyo ni damu yangu. Kwetu hatuoti kama uyoga, tunaota kama mialoni."

Lakini uani hapo palikuwa na watu mia tatu waliolala juu ya majani makavu. Kwa majira mawili ya baridi mfululizo, wapiganaji wa msalaba mweusi walikuwa wamechoma vijiji vyao. Mazovia ilikubali kuwafungia njia wapiganaji hao. Ilitaka bibi harusi tu.

Mjumbe wa Mazovia alikuwa mzee mpole aitwaye Wojslaw. Alimsalimu Rimante kwa kuinua kofia na shingo, akamweleza kwamba bibi harusi hupiga magoti na kumwagiwa maji ya ubatizo kichwani.

"Ngazi tunayo," alisema. "Magoti ndiyo ya lazima."

"Piga magoti, mwanangu," alisema Gedvydas.

Rimante alijaribu. Hakufanya ukaidi; watu wote waliona alivyojaribu. Mgongo wake ulilia kama mti unaopasuka kwa barafu, lakini haukupinda.

"Baba, uliniuliza?"

"Na mimi niliulizwa kabla ya kuchomewa vijiji?"

"Niweke mpakani. Nitawaona wapiganaji wakiwa mbali siku mbili, kabla hawajafunga hata tandiko."

Gedvydas aliinua uso kumtazama. Macho yalimlowa, na kila aliyekuwa karibu alijua kwamba ni kwa fahari. Kisha Wojslaw akakunjua mkataba, akausoma tena polepole.

"Hapa pameandikwa 'binti wa Gedvydas'," alisema. "Jina halikutajwa."

Chini ya benchi Daumile, mdogo wake Rimante mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa akimwekea maziwa nyoka wa nyumba, anayefugwa kwa baraka. Alisikia jina la baba yake, akainua kichwa.

"Huyu anaweza kupiga magoti," alisema Wojslaw kwa upole.

Mingaile alisema hapana. Alisema mara tatu, na mara ya tatu akasema kwa kupiga kelele. Gedvydas akaweka muhuri.

Alasiri hiyo Rimante alirefuka kuliko siku zote, ingawa ahadi haikuwa yake. Alikwenda akasimama mbele ya lango, hata gari la Wojslaw likakosa pa kupita. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Ni Daumile aliyeshuka garini, akamgusa kifundo cha mguu, maana hapo ndipo alipofika.

"Dada, nipishe."

"Sikupishi."

"Watu wanalala uani, Dada. Nipishe. Na usiniangalie hivyo, nitalia mbele ya hawa."

Rimante akasogeza mguu mmoja, kisha wa pili.

Wapiganaji hawakuja mwaka ule. Watu walirudi kujenga upya na kupanda, na Gedvydas akawa anawaonyesha wageni binti yake mkubwa, ambaye sasa alisimama mpakani kama mlinzi, na kuwasimulia jinsi mdogo alivyopanda gari bila kushikwa mkono. Pembe ya pombe ya asali ilizunguka. Mjumbe wa mji wa Riga alikuwa amekwisha kuuliza kama mtawala ana wapwa wa kike.

Kila asubuhi, baada ya kukamua, Mingaile alitembea hadi mpakani na kusimama kwenye kivuli cha mwanawe.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Yuko kisimani, mbele ya nyumba yao. Amevaa kijani."

"Nywele?"

Rimante akaangalia tena. "Wamemfunga kitambaa, Mama. Cha wake za watu."

Mingaile aliweka ndoo chini.

"Anatembeaje?"

"Kichwa juu. Wanawake wa huko wanampisha njia."

"Enhe," alisema Mingaile, na shingo yake mwenyewe ikanyooka. "Ni wangu huyo. Endelea kuniambia."

Rimante akaendelea, hadi Daumile alipoitwa ndani na mlango ukafungwa.